Daftari la Vipimo

Mjomba alinimiminia chai mwenyewe.

Nilitaka kumpokonya birika. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, mdomo wa birika ukigonga ukingo wa kikombe kwa mdundo usiokatika, kama cherehani inayokanyagwa polepole. Chai ikamwagika kwenye kisahani. Hakushtuka wala hakuomba radhi. Alingoja kidogo, akamimina tena, akajaza, kisha akaiweka birika chini kwa mikono miwili.

Alipoinua macho alinikuta bado nautazama mkono wake.

"Unaangalia hii," akasema, akaunyoosha mbele yangu. "Hii si ugonjwa, mtoto wa dada. Hii ni sindano."

Hayo yalikuwa Luanda, Vihiga, nyumbani kwa nyanya, Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Nimerudi Nakuru wiki 6 sasa. Nimeshona sare za kwaya, nimeshona gauni 2 za harusi, na maneno hayo bado yamenikaa kooni.

Kwa sababu tangu Januari nami nilikuwa nikiunyoosha mkono wangu hivyo hivyo, kila usiku, peke yangu, nikiutafuta mtetemo ule.

## Karatasi juu ya vidole

Ilianza na uzi.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, na yeyote anayeshona sare anajua wiki hiyo ilivyo. Wazazi wanakuja wote siku moja, kila mmoja anataka sketi ya marinda leo leo, na fundi analala usingizi wa kuibia. Nilikuwa nimekunywa chai kali vikombe visivyo na hesabu. Nikalamba ncha ya uzi, nikaisogeza kwenye tundu la sindano, ikapita kando. Nikarudia, ikapita kando. Mara ya tatu nikauona mkono wangu mwenyewe.

Ulikuwa unatetemeka.

Fundi mwingine angenawa uso na kuendelea. Mimi nilimwona mjomba.

Usiku nikafunga mlango wa chumba changu kule Free Area, nikakaa kitandani, nikanyoosha mkono wa kulia na kulaza risiti ya duka juu ya vidole. Ukingo wa karatasi ulicheza. Nikabadilisha mkono. Ukacheza tena, nikaona kama umezidi. Nikazima taa, nikalala, nikaamka, nikawasha, nikarudia. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba mkono wa kila binadamu hutetemeka kidogo, kwamba risiti ile ingecheza juu ya vidole vya mtu yeyote, na kwamba uchovu, chai na hofu huuzidisha mtetemo huo. Lakini usiku ule sikuwa na wa kunieleza. Nilikuwa na risiti tu.

Siku kama 10 baadaye nikasikia jina langu.

Nilikuwa katika ule wakati ambapo usingizi umekuja lakini haujakuchukua. Sauti ya mwanamke, ya kawaida, mara moja, kutoka upande wa mlango. "Eeh?" nikaitika, nikaketi. Hakukuwa na mtu. Kwetu mtoto hufundishwa mapema kwamba ukiitwa usiku na humwoni anayekuita, usiitike. Mimi nilikuwa nimeshaitika. Ila sikuogopa mizimu. Niliogopa kitu ambacho nimekijua tangu nikiwa na miaka 5, na ambacho kwetu husemwa kwa maneno mawili tu: anasikia sauti.

Sikulala tena mpaka muadhini wa alfajiri alipoita.

## Paji la uso lile lile

Mjomba alianza kuugua mwaka 1999, akiwa na miaka 24. Alikuwa anasomea ualimu. Sitasimulia yote, kwa sababu mengine ni yake na si yangu, na kwa sababu karibu kila boma linajua hadithi ya namna hiyo: kijana mwerevu, karo iliyochangwa na ukoo mzima, barua kutoka chuoni, halafu ukimya. Shuleni tulitaniana kwa neno "Mathare". Ukijibu swali ovyo darasani unaambiwa utapelekwa Mathare, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi. Nilikuwa nacheka na wenzangu, kisha nafika nyumbani namkuta mjomba ameketi chini ya mwembe, uso umeganda, mikono inatetemeka, na akiinuka anatembea kwa hatua fupi fupi kama mtu anayepita kwenye utelezi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza wazimu unafananaje. Uso ulioganda. Hatua fupi. Mikono. Shati lililofungwa vibaya, kifungo cha pili kwenye tundu la tatu. Mtoto hujifunza kwa macho, na macho yangu yaliandika orodha hiyo mapema sana.

Na kila mtu alisema nimefanana naye. Paji la uso lile lile, kupenda kukaa kimya kule kule. Nyanya alilisema kama sifa. Nilipofika umri wa miaka 10 hivi nilikuwa nimeshaligeuza kuwa hukumu inayosubiri tarehe. Tarehe niliyoipanga ilikuwa miaka 24. Nilipoivuka nikapumua kwa mwaka mmoja hivi, kisha nikasoma kwenye simu kwamba kwa wanawake ugonjwa huo huweza kuchelewa kuliko kwa wanaume. Nikasogeza tarehe mbele.

Sasa nina miaka 31. Nimeisogeza mara nyingi.

## Kupima

Februari nilikwenda hospitali kwa sababu ya moyo. Ulikuwa unadunda mpaka nausikia kwenye mto, vidole na midomo vikifa ganzi, na vitu vikionekana mbali, kana kwamba natazama duka langu kupitia kioo cha dirisha. Walinibandika nyaya kifuani, wakatoa karatasi ndefu yenye mistari, wakasema moyo ni mzima. Wakapima damu, wakapima tezi ya shingo, wakapima sukari. Mzima, mzima, mzima.

"Huna kitu," nikaambiwa.

Nataka kusema jambo kuhusu maneno hayo, kwa sababu wengi tumetumwa nayo nyumbani. Najua husemwa kwa nia njema. Lakini mtu aliyefika pale akitetemeka ana kitu, isipokuwa hakikuonekana kwenye vipimo vile. Nilitoka nimefurahi, nikanunua ndizi, nikapanda matatu nikiimba kimoyomoyo. Furaha ile ilidumu mpaka saa 2 usiku. Saa 2 nikajiuliza: kama moyo si mgonjwa, basi ni nini kinachoupiga hivi? Na nikajijibu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila kipimo. Jibu zuri lilikuwa kama maji kwenye mchanga.

Nikaanza kupima kwa njia zangu. Risiti juu ya vidole. Kuhesabu kutoka 100 kwenda nyuma nikitoa 7 kila mara, kuona kama akili bado inashika. Kukariri majina ya wanafunzi niliosoma nao darasa la 8. Kujitazama kwenye kioo kama uso umeganda. Kusikiliza, na hili ndilo lilikuwa baya kuliko yote, kusikiliza kwa makusudi usiku kama kuna sauti. Ukikaa gizani ukisikiliza kwa nguvu zako zote, utasikia kitu. Bati litalia. Damu itavuma masikioni.

Halafu simu. Nilisoma kwamba katika watu 100 wa kawaida, takriban mmoja huugua skizofrenia, ule ugonjwa wa mjomba, maishani mwake, na kwamba kwa mtu ambaye mjomba wake anaugua, hesabu inayotajwa sana ni kama 4. Matatu 7 za abiria 14, ukiongeza makanga 2, ni watu 100. Wiki nzima nilipanda matatu ya kwenda mjini nikiwaza wale 4 wameketi wapi. Sikuwahi kuwaza wale 96.

Wala sikumuwaza mama. Mama ni dada yake wa tumbo moja, na kwa ndugu wa tumbo moja hesabu hiyo hupanda hadi karibu 9. Ana miaka 56. Huamka saa 11 alfajiri kukamua ng'ombe, na amembeba kaka yake miaka hii yote bila kujihesabu hata siku moja.

Nilimpigia dada yangu kila jioni. "Naongea sawa? Hunioni nimebadilika?" Mwanzoni alijibu kwa upole. Kisha akajibu kwa haraka. Kisha akaanza kuchelewa kupokea. Mama mdogo aliniombea kwa simu dhidi ya roho ya ukoo, na usiku ule nililala kama mtoto, nashukuru kwa hilo mpaka leo. Lakini kesho yake nikampigia aniombee tena, na kesho kutwa tena, nami nikajua kwamba hata maombi nilikuwa nimeyageuza kipimo.

## Mama wa mahamri

Aliyelitaja kwa jina lake hakuwa daktari. Kuna mama mmoja wa Bondeni ambaye hutuletea mahamri dukani asubuhi. Siku moja alinikuta nimenyoosha mkono juu ya meza ya kukatia, akasimama na kapu lake akanitazama.

"Mwanangu, hiyo ni wasiwasi," akasema.

Nikamjibu ndiyo, nina wasiwasi kidogo. Akatikisa kichwa. Hakuwa na maana hiyo tunayoitumia kila siku, ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akanieleza kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu na asili yake ni mnong'ono. Akanisimulia habari za kaka yake, ambaye miaka mingi iliyopita alikuwa akitawadha kabla ya swala, akimaliza anashuku kama maji yalifika kwenye kiwiko, anaanza upya. Mara 5, mara 10, mpaka ngozi ya mikono ikambanduka na swala ikampita. Akapelekwa kwa sheikh wao. Sheikh hakumwambia atawadhe vizuri zaidi. Alimwambia: osha mara 3, mara 3 zimetosha, kisha nenda kaswali hata moyo ukikuambia hujatawadha. Nenda na shaka yako.

"Alipona?" nikauliza.

"Aliswali," akasema, akanipa mahamri yangu 2 na kuondoka.

Nilikasirika. Nilitaka kusikia kwamba alipona.

## Asiyeniahidi

Machi nikaenda kliniki ya afya ya akili ya umma. Naandika sentensi hiyo kwa wepesi sasa, lakini siku ile nilizunguka geti mara 3, nikiogopa kuonekana na mteja. Nilikuwa na imani kwamba nikikaa kwenye benchi lile nitakuwa nimeusaini mkataba.

Aliyenipokea alikuwa nesi, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, tunayemwita daktari kama tunavyowaita wote. Aliniuliza maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita: mara ngapi nimeshindwa kuacha kuwaza, mara ngapi nimehisi kama jambo baya liko karibu kutokea. Nikapata alama 17 kati ya 21. Akanionyesha karatasi bila kuificha.

Alinieleza mambo ambayo yalinituliza kwa sababu yalikuwa ya mwili. Kwamba mtu mwenye hofu hupumua haraka bila kujua, akitoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na ndiyo maana vidole hufa ganzi, kichwa huwa chepesi na vitu huonekana mbali. Kwamba kusikia jina lako ukiwa kwenye ukingo wa usingizi huwapata watu wengi sana wasio wagonjwa. Kwamba hofu yenyewe ya kuugua, ikikaa hivi, ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Zamani madaktari waliuita haipokondria, neno ambalo watu walilifanya tusi la kumwita mtu mdanganyifu. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliacha. Nafurahi waliliacha.

Akasema pia kwamba mara nyingi mtu anayeanza kuugua kama mjomba hajishuku yeye, hushuku wengine. Akalisema mara moja tu. Nililikamata kama kamba ya kisima.

Na tazameni akili yangu ilivyofanya. Nilipofika nyumbani nikaanza kupima kama bado najishuku. Nikipitisha saa nzima bila hofu, naogopa kwamba nimeacha kuogopa. Niliporudi wiki iliyofuata nikamweleza, hakuonekana kushangaa.

"Ndiyo maana sitalirudia," akasema.

Nikamuuliza nilichokwenda kuuliza. "Daktari, unaniahidi sitarukwa na akili?"

Alinyamaza kidogo. "Siwezi kukuahidi. Hata mimi mwenyewe siwezi kujiahidi."

Nililia pale. Kila mtu mwingine alikuwa ameniahidi: dada, mama mdogo, karatasi ya moyo. Ahadi zao zilikuwa zimekwisha nguvu zote, na mtu huyu wa kwanza aliyekataa ndiye niliyemwamini. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hivyo. Nilikuwa nimechoka kuinuliwa na kuangushwa. Yeye aliniacha chini, na chini palikuwa pagumu, paliweza kukanyagwa.

Tukapanga. Akaniorodheshea mambo ambayo yakitokea kweli nirudi haraka: sauti zinazoendelea nikiwa macho mchana, kuamini kwamba watu wananipangia njama, siku nyingi bila usingizi wala hamu ya usingizi, kuacha kazi na kujitunza. Kisha akasema kuyaangalia hayo si kazi yangu. Jamaa huyaona mapema. Nikampa dada kazi hiyo rasmi: akiniona nimebadilika aniambie, nami nitakubali kupelekwa bila ubishi. Na mimi nisimuulize tena. Alikubali upesi mno, maskini, akapokea simu zangu tena.

Sikupewa dawa. Aliniambia wapo wanaozihitaji kwa hofu kama hii na hakuna aibu, na kwamba tukiona mazungumzo hayatoshi tutalizungumza. Kazi yangu ilikuwa moja. Sikutakiwa kuacha kuogopa. Nilitakiwa kupunguza kupima.

## Upande wa nyuma

Nina daftari la vipimo, lile ambalo kila fundi analo. Mbele kuna wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Nikaligeuza na kuanza upande wa nyuma, mstari mmoja kila nilipojipima. Siku ya kwanza ilikuwa na mistari 43.

Niliitazama kwa muda mrefu. Mara 43 kwa siku moja nilikuwa nimesimamisha kazi kuangalia kama mimi bado ni mimi.

Dukani tuna msichana anayejifunza kazi. Alipoanza alikuwa akimaliza mshono anaufumua kidogo kuona kama umeshika. Anashona tena, anafumua tena. Nilimkaripia: kitambaa hakichoki kwa kushonwa, kinachoka kwa kufumuliwa, utabaki na matundu ya sindano matupu. Nilimwambia hayo Aprili, mkasi mkononi, na nikanyamaza katikati ya sentensi.

Nilichotumia ni bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani. Hamu ya kunyoosha mkono ikija, najiambia nimalize kwanza bobini iliyomo kwenye mashine. Haikuwa rahisi. Hamu ilipanda kutoka tumboni, shingo ikakakamaa, nikaona kabisa kwamba nikikosa kuangalia sasa hivi kitu kitanipita. Nashona. Pindo la sketi, mita moja, mita 2. Mahali fulani kabla uzi wa chini haujaisha, hamu ilikuwa imeshuka bila mimi kuilisha. Wakati mwingine haikushuka. Siku hizo niliandika mstari na kuendelea.

Mwisho wa Aprili, 19. Mei kulikuwa na siku ya 6. Juni, kwenye Kenyatta Avenue, nikapishana na kijana amejifunga magunia, anaongea na mtu ambaye sikumwona. Nilivuka barabara kama nilivyozoea kuvuka. Siku hiyo niliandika 38.

Nilimpelekea nesi daftari nikidhani ataona nimeharibu. Aliona kuvuka barabara.

"Nani mwingine unamvukia?" akauliza.

## Luanda

Miaka 9. Kwa miaka 9 sikuwa nimekaa chumba kimoja na mjomba. Krismasi nilituma pesa kupitia kwa mama. Nikienda nyumbani nilikula jikoni, nikisema nasaidia kupika. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama nina mgonjwa wa namna hiyo kwetu, nikasema kuna mtu wa mbali. Hayo yanaumiza kuyaandika kuliko yote ya juu.

Basi nikaenda. Mau Summit, Kericho, Ahero, Kisumu, kisha Maseno pale mstari wa ikweta unapokata barabara, na Luanda iko pua na mdomo. Kabla ya Kericho nilikuwa nimenyoosha mkono mara 11, nikiuficha chini ya mkoba.

Nimeshasimulia birika. Yaliyofuata ni haya.

Alipoona sijaelewa, alieleza taratibu, kama mwalimu ambaye hakumaliza chuo lakini hakuacha kuwa mwalimu. Kwamba huchomwa sindano kila mwezi. Kwamba kutetemeka kulianza baada ya dawa, pamoja na kukakamaa kwa miguu. Hapo mwanzo, alipokuwa anaumwa kweli kweli, mikono yake ilikuwa imara.

"Ningeweza kutunga uzi," akasema, akinitazama mimi fundi. "Mara moja tu, umeingia."

Kisha akasema: "Nikikosa sindano, baada ya muda mikono hutulia. Mikono ikitulia, mama yako huanza kulia."

Alilisema bila uzito, akipuliza chai.

Nilikaa pale na kikombe changu. Uso ulioganda, hatua fupi, mikono: orodha niliyoiandika kwa macho ya mtoto ilikuwa orodha ya dawa. Nilikuwa nimekesha miezi nikizitafuta mwilini mwangu dalili za dawa ambayo sijawahi kuchomwa. Na mtetemo niliouogopa kuliko kitu chochote ulikuwa, kwa mama, ishara kwamba kaka yake yuko salama mwezi huu.

Hata shati. Nilimtazama kifuani, kifungo cha pili kilikuwa kwenye tundu la tatu. Vidole vile havingeweza kufunga kifungo kidogo cha shati la dukani. Miaka yote hiyo nilidhani hajui jinsi shati linavyofungwa.

Niliporudi nilimuuliza nesi. Akaniambia dawa hizo za zamani huzuia dopamini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo mwili hutumia kuongoza mwendo, ndiyo maana wengine hutetemeka na kukakamaa. Akasema lingine, ambalo ndilo limeninyima usingizi zaidi ya hofu yangu: mara nyingi kuna la kufanya. Dozi huweza kupunguzwa, dawa huweza kubadilishwa, na zipo nyingine za kutuliza mtetemo wenyewe. Lakini ni lazima mtu aulize, na asikatize sindano kwa uamuzi wake.

Hakuna aliyeuliza. Zaidi ya miaka 25. Si kwa sababu hatukumpenda. Sote tulidhani ule ndio ugonjwa, na ugonjwa ulishakuwa na daktari wake.

Nilimsimulia mwenzangu wa dukani, aliyezaliwa hapa hapa Nakuru na ana meno ya kahawia kama wengi waliokunywa maji ya visima vya huku, yenye floridi nyingi. Akaweka mkono mdomoni, kama afanyavyo akicheka, ingawa hakuwa anacheka.

"Kama meno yangu," akasema. "Watu hudhani sipigi mswaki."

## Shati

Kabla sijaondoka Luanda nilimwomba mjomba anisimamie nimpime. Nilikuwa nimebeba futi, siku zote naibeba. Akasimama chini ya mwembe na mikono kando kidogo, kama wasimamavyo wateja wote. Kifua 38. Bega 17. Nilipofika kwenye kifundo cha mkono nilikishika ili futi isiteleze, na mtetemo wake ukapita kwenye vidole vyangu. Ulikuwa wa joto. Sijui nilitarajia nini. Nikaandika 7 na nusu, mbele ya daftari, upande wa wateja.

Akaniuliza kama naweza kumwekea mfuko wa ndani wa kadi ya kliniki, kwa sababu ule wa nje huloa mvua ikinyesha. Nikasema naweza.

Mama alikwenda naye kliniki wiki iliyopita, na wameuliza. Wameambiwa watajaribu kubadilisha kidogo kidogo na kumwangalia kwa karibu. Nilipomuuliza mama anahisije, alisema anaogopa mikono ikianza kutulia. Sikumwambia asiogope.

Leo nina mistari 3 upande wa nyuma. Mmoja ni wa asubuhi hii, nilipokuwa nikikata matundu ya vifungo vya shati la mjomba. Nimeyakata makubwa kuliko kawaida, kwa vifungo vya koti, na nimevishona kwa shingo ndefu ya uzi ili viinuke kwenye kitambaa na vidole vivipate bila kuvitafuta. Nimelifunga na kulifungua mara kadhaa kwa mkono wa kushoto, nikiutikisa makusudi, kuona kama linafungika. Cha tatu kilikuwa bado kinakaza. Nimelipanua tundu lake, na kesho asubuhi nalituma kwa matatu ya Kisumu.